Kutunza baba mzee mwenye kansere ya prostati

Wamama wengi munatunza baba mzee nyumbani. Prostati ni kiungo kidogo cha wanaume, chini ya kibofu cha mukojo. Kansere yake inapata nguvu katika homoni ya kiume, ile inayotoka zaidi katika mapumbu. Kwa hiyo muganga anamupiga baba sindano kila mwezi ao kila miezi mitatu, ao anatoa mapumbu kwa operesheni, mara moja tu. Kansere iliyofika katika mifupa haiponi, lakini inalala kwa muda, na maumivu yanapungua.

Angalia: baba akijisikia vizuri, musiache sindano. Homoni itarudi, na kansere itaamuka.

Baba atabadilika. Atasikia moto mwilini na jasho la gafula, kama mama aliyekoma kuona mwezi. Maziwa yanaweza kuvimba, hamu ya bibi yake itapotea, pengine atalia bila sababu. Si uchawi, si utoto; ni dawa. Musimucheke. Kama anaona haya mbele ya binti yake, mutoto mwanaume amusaidie kuoga.

Mifupa yake inakuwa zaifu. Mumupe maharagwe, ndagala na mboga; atembee kidogo kila siku; muondoe njiani vitu vya kumuangusha.

Miguu ikilegea ao ikifa ganzi, ao mukojo ukikataa kutoka, mumulete hospitali siku ile ile, hata usiku. Mukingoja kesho, pengine hatatembea tena.