Somo la Redio: Kazi ya Utafiti Baada ya Udaktari

Karibuni katika somo la jioni, na hasa ninyi vikundi vya Kilimarondo na vijiji vingine vya Nachingwea. Leo twazungumza juu ya kazi ambayo wazazi wengi hawaielewi, hata wale ambao watoto wao waifanya.

Kijana amepata shahada ya kwanza, ya pili, kisha ile ya juu kabisa, ya uzamivu. Sasa aitwa Daktari. Si daktari wa sindano; ni mtu aliyechunguza jambo moja kwa miaka mpaka akaongeza elimu mpya. Nyumbani wangojea kazi ya kudumu. Yeye aandika: “Nimeajiriwa kufanya utafiti kwa miaka miwili.” Mama auliza, “Kumbe bado yumo shuleni?” La, mama. Hiyo ni kazi yenye mkataba na mshahara.

Twaeni mfano wa Taasisi ya Nelson Mandela ya Sayansi na Teknolojia, kule Arusha, iliyopokea wanafunzi wa kwanza mwaka 2011. Chuo cha namna hiyo kikipata fedha za kuchunguza swali fulani, tuseme ugonjwa wa mimea, profesa mwenyewe ana madarasa na wanafunzi wa kuwasimamia. Basi hutafutwa mtu aliyekwisha hitimu, ashughulike na swali hilo tu. Fedha zikiisha, kazi nayo huisha. Hilo ni tatizo kubwa, wala hatulifichi: mkorosho waweza kungojewa miaka mitatu ndipo uzae, na mkataba ni wa miwili!

Mtasema, yatuhusu nini sisi wakulima? Ninyi wa Nachingwea ndio mngepaswa kuwaeleza wengine. Mwaka 1947 Waingereza walianza mpango mkubwa wa karanga, Kongwa, Urambo na hapo kwenu. Walileta matrekta, wakajenga reli, kabla ya kupima udongo na mvua kwa muda wa kutosha. Kule Kongwa udongo ulikauka ukawa kama sakafu, karanga hazing'oki. Mwaka 1951 mpango ukaachwa, na paundi milioni 36 hivi zimepotea. Mishahara ya watafiti wachache kwa miaka michache isingefika hata sehemu ndogo ya fedha hizo.

Basi mwenye mtoto aliyefikia elimu hiyo amwambie hivi. Nafasi hizi hutangazwa wazi. Asome kwanza siku ya mwisho ya kupokea maombi, maana wengi hukosa kwa hilo tu. Apeleke barua, maelezo ya masomo yake, orodha ya maandishi yake yaliyochapishwa, na majina ya wasomi watakaomshuhudia. Akidaiwa fedha ili apewe nafasi, ajue huyo ni tapeli.

Sasa, mwenyekiti wa kikundi, zima redio, mzungumze: kama mtafiti angeletwa Kilimarondo kwa miaka miwili, mngempa swali gani alichunguze? Katibu aliandike, na chini yake aeleze ninyi wenyewe mmekwisha jaribu nini.