Mizani ya Jikoni kwa Mgonjwa: Gramu Ipi Ina Maana?

Mtoto wa miaka tisa mwenye kisukari cha aina ya kwanza ameketi mbele ya sahani ya ugali, na mama yake ameshika kalamu ya insulini. Dozi inategemea jibu la swali moja: sahani ile ina wanga kiasi gani? Mama akikadiria kwa macho na kuzidisha, sukari ya mtoto inaweza kushuka mno usiku, nyumba nzima ikiwa imelala. Akipunguza, itapanda, na mtoto ataamka na kiu isiyokatika. Chumba cha pili analala bibi mwenye tatizo la moyo, ambaye daktari amemwekea mpaka wa chumvi. Familia kama hii huambiwa kliniki inunue mizani ya kidijitali. Ni mara chache huambiwa mizani ipi.

Dukani, mizani huuzwa kwa wingi wa tarakimu zinazoonekana kwenye kioo. Muuzaji huinua ile yenye desimali mbili na kuisifu kuwa ndiyo sahihi kuliko zote. Si lazima iwe hivyo. Kuonyesha gramu 0.01 ni jambo moja, na kusema kweli juu ya gramu hiyo ni jambo jingine. Mizani yaweza kuandika 50.37 kwa utulivu mkubwa huku kilicho juu yake kikiwa na gramu 52.

Mnunuzi aigeuze mizani atazame kibandiko cha chini. Mara nyingi hukuta alama mbili: Max, yaani uzito wa juu unaobebeka, na herufi d, yaani hatua ndogo kabisa ambayo kioo huweza kuonyesha. Mizani ya kawaida ya jikoni hubeba kilo 5 kwa hatua ya gramu 1. Ile ndogo ya mfukoni hubeba gramu 200 au 500 kwa hatua ya gramu 0.1 au chini ya hapo. Hakuna kati ya hizi iliyo bora kwa kila kazi. Kinachoamua ni kitu kidogo kabisa kinachokusudiwa kupimwa.

Turudi kwenye ugali. Unga wa mahindi mkavu una takriban gramu 75 za wanga katika kila gramu 100. Mama akipika gramu 300 za unga, chungu kizima kina wanga gramu 225. Ugali ukiiva apime tena, akiondoa uzito wa sufuria. Tuseme amepata gramu 900. Basi kila gramu 100 za ugali huo zina wanga gramu 25, na sahani ya gramu 200 ina gramu 50. Ikiwa daktari amempangia mtoto huyu uniti 1 kwa kila gramu 10 za wanga, dozi ya chakula ni uniti 5. Sasa mizani ikosee kwa gramu 2: wanga utapishana kwa nusu gramu, tofauti ambayo hakuna kalamu ya insulini inayoweza kuifuata. Lakini jicho likiiona sahani ya gramu 200 kuwa ni 300, mtoto atachomwa uniti mbili na nusu za ziada. Kwa kazi hii mizani ya hatua ya gramu 1 inatosha kabisa, na fedha za desimali zingenunua vijiti vya kupimia sukari.

Chumvi ina sheria nyingine. Shirika la Afya Duniani hushauri mtu mzima asizidishe gramu 5 kwa siku, na hizo ni pamoja na chumvi iliyokwishajificha katika mkate, dagaa na vidonge vya mchuzi. Anayetaka kumpimia bibi gramu 2 za siku kwa mizani ya hatua ya gramu 1 anabahatisha tu. Ama atafute mizani ya gramu 0.1, ama atumie werevu: apime gramu 28 kwa mara moja, azitie katika kichupa cha bibi peke yake, na kichupa hicho kitoshe siku 14. Kosa la gramu 1 litagawanyika katika wiki mbili.

Lipo pia kosa lisiloandikwa kwenye kibandiko. Mizani nyingi za bei nafuu huchukulia mabadiliko madogo ya polepole kuwa ni kuyumba kwa sifuri, na huyafuta. Mtu akinyunyiza chumvi punje kwa punje, kioo hubaki 0 huku chumvi ikiongezeka. Dawa yake ni kutia chumvi katika kibakuli nje ya mizani, kisha kukiweka chote kwa pamoja. Na kabla ya kusoma namba, itazamwe alama ya kipimo: kidole kikigusa kitufe kisichokusudiwa, g hugeuka oz, na oz 1 ni zaidi ya gramu 28.

Kuijaribu mizani hakuhitaji maabara. Kitu kimoja kipimwe mara tano, kikiondolewa kila mara. Majibu yakitawanyika zaidi ya hatua moja au mbili, irudishwe. Kisha kiwekwe katikati na katika kila pembe ya sahani yake. Maji ya mililita 20 yaliyovutwa kwa bomba la sindano yana uzito wa karibu gramu 20. Bomba lenyewe hupotoka kidogo, kwa hiyo jaribio hili hunasa mizani iliyoharibika, halithibitishi desimali. Feni izimwe, meza iwe sawa, na betri iliyochoka ibadilishwe mapema. Sufuria ya moto isiwekwe moja kwa moja juu yake.

Jambo dogo la kustaajabisha: mvutano wa dunia karibu na ikweta ni pungufu kuliko kaskazini mwa Ulaya kwa takriban 4 katika 1,000. Mizani iliyorekebishwa huko itasoma gramu 300 kama 299 hivi. Kwa ugali si neno.

Mizani hii haifai kugawia dawa. Kidonge kina viambato vingine visivyo dawa, na uzito wa kipande chake hautoi dozi iliyo ya kuaminika. Vilevile mtoto anayeharisha apewe ORS ya paketi iliyochanganywa kwa maji yaliyoelekezwa, si chumvi iliyopimwa jikoni. Chumvi ikizidi huweza kumuua.

Wakala wa Vipimo hukagua mizani za biashara, na ya nyumbani hubaki bila mkaguzi. Kliniki ya kisukari au ya moyo yaweza kuziba pengo hilo kwa gharama ndogo: jiwe la mizani la gramu 100 lililothibitishwa, likae mezani kwa muuguzi. Mgonjwa aje na mizani yake siku ya kliniki, ipimwe mbele yake, na tofauti iliyoonekana iandikwe katika daftari lake pamoja na tarehe.