Nyoka wa chumba kimoja: hesabu yake Mhunze

Mpangaji wa chumba kimoja Mhunze, wilayani Kishapu, chini ya bati lisilo na dari, akishaweka kitanda, meza, jiko na ndoo za maji, hubakiwa na nafasi ya sanduku moja lenye urefu usiofika mita. Akitaka kufuga nyoka asiye na sumu, sanduku hilo ndilo litakaloamua ni nyoka gani.

Chatu haingii humo. Najua wengi wetu Usukumani tumemzoea kupitia Bayeye, wale wachezaji wa ngoma ya nyoka, na kila mwaka kwenye sherehe za Bulabo pale Bujora watu hutazama nyoka akizungushwa shingoni na kujisemea kwamba mbona kazi yenyewe ni nyepesi. Bayeye wana mafunzo ya kurithishana, wana dawa zao na wana chama cha kuwasaidia. Wewe una chumba. Kitoto cha chatu kikitoka kwenye yai kina kama nusu mita na kinapendeza kweli, lakini chatu wetu wa Afrika akikomaa hufika mita tatu hadi nne, wengine huzidi hapo, na kumnyanyua mmoja kunataka watu wawili. Anaweza kuishi zaidi ya miaka ishirini. Akifikia kula sungura na kuku mzima, nenda mnadani ukaulize bei ya kuku wa kienyeji, kisha uzidishe kwa miaka hiyo.

Boa mkubwa wa kwenye filamu ni wa bara la Amerika, na jike lake hupita mita mbili kirahisi. Kumleta Tanzania ni shughuli ya vibali vya kimataifa, kwa sababu boa na chatu wote wako chini ya mkataba wa CITES, unaosimamia biashara ya viumbe walio hatarini. Gharama ya makaratasi na ndege itameza bei ya nyoka mwenyewe mara kadhaa. Huyo tumwache.

Anayebaki ni boa wa mchanga, na hapa nataka kukaa kidogo, kwa kuwa huyu ni wa kwetu Afrika Mashariki. Anaishi kuanzia Misri na Sudan, kupitia Pembe ya Afrika na Kenya, hadi maeneo makavu ya kaskazini mwa Tanzania. Ulaya na Marekani wafugaji humwita boa wa Kenya, na kwa miaka mingi amekuwa miongoni mwa nyoka wanaopendekezwa kwa watu wenye vyumba vidogo. Dume hukomea karibu sentimeta 40. Jike ni mnene zaidi na hufika 60, mara nyingine zaidi ya hapo. Hatagi mayai, huzaa watoto hai. Sanduku la sentimeta 75 kwa 30 linamtosha, maana muda mwingi amejizika mchangani, macho na pua tu vikiwa juu. Anayetaka mnyama wa kumtazama akizunguka atajuta, kwani kwa huyu utakuwa unalisha mchanga unaopumua.

Kwa mwenye nafasi finyu, basi, dume ndilo chaguo: mwili mdogo, chakula kidogo, na hutaamka siku moja ukute watoto kumi na watano sandukuni.

Tuje kwenye pesa. Vitabu vya ufugaji vya nchi za baridi huanza na joto, kwa sababu huko ndiko pesa inakoishia. Boa wa mchanga anahitaji upande mmoja wa sanduku uwe na nyuzi 30 na kitu, na upande wa pili uwe wa ubaridi zaidi. Mhunze mchana jua linakupa hizo bure. Kazi inabaki usiku wa Juni na Julai. Balbu ya wati 60 ikiwaka kwa saa nane kila usiku hula karibu uniti 14 na nusu kwa mwezi. Kwa mteja mdogo wa TANESCO anayenunua uniti kwa takriban shilingi 122 pamoja na kodi na tozo, hiyo haifiki shilingi 1,800. Kwa aliye kwenye kundi la takriban shilingi 356, ni kama 5,100. Sasa linganisha na chatu mwenye sanduku kubwa linalotaka wati 150 kwa saa 12: uniti 54. Ukiwa mteja mdogo umebakiza uniti 21 tu za taa, simu na televisheni kabla ya kuvuka kikomo chako cha uniti 75 za mwezi, na ukikivuka bei ya uniti za ziada inaruka zaidi ya mara tatu. Chatu anaweza kukupandisha daraja la LUKU bila hata kukung'ata.

Hatari ya Mhunze ni joto kuzidi. Chumba cha bati mwezi wa Oktoba saa nane mchana kinaweza kumuua nyoka aliyefungiwa kwenye kioo. Sanduku likae chini, kwenye sakafu ya saruji, mbali na dirisha la magharibi. Kipimajoto ni kifaa cha lazima kuliko balbu.

Chakula: dume mzima anakula panya mdogo mmoja kila baada ya wiki moja au mbili. Utasema panya wamejaa ghalani kwenye choroko na mtama, bure kabisa. Usiwaguse. Panya wa ghalani huenda ameshakula sumu ya dukani, na atampeleka nyoka wako kaburini pamoja naye. Njia salama ni kufuga panya weupe wachache kwenye beseni lenye wavu, au kuhifadhi waliogandishwa. Waliogandishwa wanataka friza, na sijui ni mke au mume gani atakubali wakae humo na samaki. Panya weupe wanakula pumba na nafaka, gharama ni ndogo, ila harufu yao ndani ya chumba kimoja haina bei.

Hadi hapa boa wa mchanga anaonekana rahisi kuliko mbwa. Gharama iliyobaki ndiyo kubwa kuliko zote, nayo ni sheria. Chini ya Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009, kukutwa na mnyamapori bila kibali ni kosa la jinai, na mahakama zetu hufunga watu miaka mingi kwa makosa ya aina hiyo. Nyoka uliyemwokota shambani hawi wako kwa sababu ulimwokota. Vibali vya kufuga hupitia Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori, TAWA, na utaratibu wake umewalenga zaidi wenye mashamba, ranchi na bustani za wanyamapori kuliko mpangaji mwenye sanduku chini ya kitanda. Biashara nayo imebanwa: Mei 2016 serikali ilisitisha kusafirisha wanyamapori hai nje ya nchi, na Juni 2022 ilipotangazwa ruhusa ya muda, ilisimamishwa mara moja. Kwa hiyo huyo boa anayefugwa kihalali na kijana wa Manchester au Ohio anaweza kumfunga jela kijana wa Kishapu.

Kuna pia bei ambayo hailipwi kwa shilingi. Mwenye nyumba akisikia una nyoka, utahama. Majirani wakisikia, watatafuta maelezo, na katika mkoa ambao wazee wameuawa kwa tuhuma za uchawi, maelezo hayo si ya kuchezea.

Halafu kuna kifutu. Mtu akikuletea gunia na kusema humo mna boa, usifungue. Kifutu mchanga ni mfupi, mnene na ana mabaka, na kwa haraka anafanana na boa wa mchanga. Boa ana kichwa kidogo kisichotofautiana na shingo, na mkia mfupi. Kifutu ana kichwa kipana, alama zenye umbo la V mgongoni, na hufoka. Huyo anaua. Ila usijifunze tofauti hiyo kwa kumshika.

Kwa ndugu zetu walioko Uingereza, Ujerumani au Marekani, hesabu inageuka. Huko umeme wa joto ni ghali, mara nyingi sanduku na vifaa vina bei kubwa kuliko nyoka, lakini kumpata ni rahisi. Nunua dume la boa wa mchanga aliyezaliwa kwa mfugaji, na udai karatasi ya kuthibitisha hivyo, maana anayekamatwa porini huja na minyoo na woga. Soma mkataba wa nyumba yako kabla ya kulipa.

Kwa aliyeko Mhunze, anza na afisa wanyamapori wa halmashauri ya Kishapu, ofisi iko hapo hapo mjini, na kuuliza ni bure. Akisema hapana, fuga paka: hahitaji kibali, na atamaliza panya kwenye choroko yako.