Ufunguo na Faharasa katika Hifadhidata ya Kamusi
Katika mijadala ya hifadhidata za kamusi, dhana za ufunguo na faharasa huchanganywa mara kwa mara, kana kwamba ni majina mawili ya kitu kimoja. Ufunguo ni kanuni ya utambulisho; faharasa ni nyenzo ya kutafutia.

Uchukuliwe mfano wa neno paa. Umbo hilo hubeba angalau vidahizo vinne: mnyama, sehemu ya juu ya nyumba, kitenzi cha kwenda juu, na kitenzi cha kuondoa magamba ya samaki. Umbo la neno, basi, haliwezi kuwa ufunguo msingi wa jedwali la vidahizo, kwani ufunguo huo haukubali kurudiwa wala kuwa mtupu. Hapana budi kila kidahizo kipewe namba yake. Hata hivyo, msomaji hatafuti namba, hutafuta paa. Safuwima ya maumbo huhitaji faharasa, nayo haidhuriki maumbo yakijirudia.

Katika jedwali la mifano ya matumizi, kila mfano hubeba namba ya kidahizo chake. Huo ndio ufunguo wa kigeni (istilahi yenye kasoro, maana jedwali huweza kujirejelea lenyewe). Kazi yake ni kuzuia mfano usielekezwe kwenye kidahizo kisichokuwapo.

E. F. Codd, katika makala yake ya 1970 iliyoeleza funguo hizi, alisisitiza pia kwamba programu zisitegemee kuwapo kwa faharasa. Mkanganyiko umetokana na utekelezaji. Mifumo mingi huunda faharasa pindi ufunguo msingi unapotangazwa, kwani bila hiyo kuhakiki upekee kungelazimu jedwali zima lipitiwe kila mstari unapoingizwa. Kwa ufunguo wa kigeni, InnoDB ya MySQL huiunda iwapo haipo. PostgreSQL na Oracle haziiundi. Hapo ndipo wengi hunaswa. Kidahizo kikifutwa, mfumo sharti uhakikishe kwamba hakuna mfano unaokirejelea. Pasipo faharasa, mifano 1,000,000 hupitiwa mmoja mmoja, ilhali katika orodha iliyopangwa milinganisho 20 hivi ingetosha.

Faharasa nayo ina gharama, kwani husahihishwa kila mstari unapoongezwa. Safuwima ya ngeli katika jedwali la vidahizo ni ufunguo wa kigeni pia, lakini ngeli ni chache mno hata faharasa yake husaidia kidogo: ngeli moja huelekeza kwenye maelfu ya vidahizo.