Maumivu ya Jumatatu hayatokani na asidi

Swali linaloongoza kati ya yale yanayoletwa kwenye safu hii ni la watu wa Jumatatu. Mtu amekimbia au amepanda mlima Jumamosi, jioni yake yuko vizuri, Jumapili anahisi ugumu kidogo, Jumatatu hashuki ngazi bila kushika ukuta. Kwa nini? Na karibu kila anayeuliza ameshapewa jibu tayari: “Ni asidi imeganda kwenye misuli, inabidi itolewe.” Jibu hilo si kweli, na biashara iliyojengwa juu yake inaniudhi sana.

Kabla ya hapo, neno moja kwa wanaoambiwa kwamba mazoezi ya wikiendi ni kazi bure. Mwaka 2023 jarida la JAMA lilichapisha utafiti wa watu 89,573 wa Uingereza waliovalishwa vipimo vya mwendo mkononi kwa wiki moja, kisha wakafuatiliwa kwa miaka kadhaa. Waliofikisha dakika 150 za mazoezi kwa wiki, sehemu kubwa ikiwa katika siku moja au mbili tu, walipata mshtuko wa moyo na kiharusi kwa nadra zaidi kuliko wasiofikisha, karibu sawa na wale waliozigawa dakika hizo wiki nzima. Kwa hiyo wanaojaa Daraja la Tanzanite alfajiri, wanaozunguka msitu wa Pugu, na wenzangu wa Morogoro tunaopanda mlima kwenda Morningside kila Jumamosi, tuendelee. Jumatatu ndiyo yenye kuhitaji maelezo.

Hadithi ya asidi ina asili ya heshima. Archibald Hill na Otto Meyerhof walipewa Tuzo ya Nobel ya 1922 kwa kazi yao juu ya misuli, nyingi ikiwa kwa misuli ya chura, na kutokana na majaribio ya zama zile asidi ya laktiki ikaanza kulaumiwa kwa kila uchovu. Leo inajulikana kwamba laktiki ni nishati: moyo huichoma, ini huigeuza kuwa glukosi. Na haikai. Ukisimama kukimbia, ndani ya saa moja hivi kiwango chake kwenye damu kimerudi karibu na kile cha mtu aliyepumzika. Kitu kilichoondoka Jumamosi kabla ya chakula cha mchana kitakuumizaje Jumatatu?

Jaribio lililopaswa kuifunga kesi hii lilifanyika 1983 huko Marekani. Watu walikimbia kwenye mashine kwa dakika 45, wengine kwenye usawa, wengine kwenye mteremko wa asilimia 10. Waliokimbia kwenye usawa laktiki yao ilipanda, lakini hawakupata maumivu ya kutajika siku zilizofuata. Waliokimbia kwenye mteremko laktiki yao haikupanda, na ndio walioumwa. Imepita miaka 40, na bado nasikia habari za asidi kutoka kwa walimu wa mazoezi wenye vyeti.

Jibu liko kwenye mteremko. Anayepanda Morningside hulaumu kupanda, kwa sababu ndiko anakohema na kutoka jasho. Lakini kupanda humaliza pumzi tu. Kinachoacha maumivu ni kushuka. Waulize waliopanda Kilimanjaro mapaja yaliwauma lini: si usiku wa kuelekea kilele cha Uhuru, ni baada ya kuteremka zaidi ya mita 4,000 hadi lango la Mweka.

Hapa naomba msomaji anivumilie, maana ndani ya paja linaloteremka kuna jambo la ajabu. Unapopanda, msuli wa mbele ya paja unakaza huku unafupika. Unaposhuka, kila mguu unapotua, msuli huohuo unakaza huku unavutwa na kurefushwa, kama mikono ya mtu anayeteremsha ndoo iliyojaa kisimani: anashikilia kamba na papo hapo anaiachia. Kazi hiyo hutumia nishati kidogo, ndiyo maana huhemi. Mwili, kwa kuona kazi ni nyepesi, huita nyuzi chache za msuli, na hizo chache hubeba mzigo wote.

Kila uzi umeundwa kwa maelfu ya vipande vidogo vilivyopangwa mstari mmoja, vinavyoitwa sakomea, kila kimoja na urefu wa takriban sehemu mbili hadi tatu kwa elfu za milimita. Ndani yake protini iitwayo mayosini imeishika nyingine iitwayo aktini. Msuli ukivutwa kwa nguvu wakati umekaza, mishiko hiyo hubanduliwa kwa lazima. Sakomea hazilingani nguvu. Zile dhaifu hunyooshwa kupita kiasi, na nyingine hazirudi mahali pake msuli unapolegea. Mwaka 1981 watafiti wa Sweden walichukua vinyama vya msuli wa mguu wa watu waliokuwa wameshuka ngazi tena na tena, wakavitazama kwa darubini ya elektroni. Mistari inayotenganisha sakomea, ambayo kwa kawaida imenyooka, ilikuwa imepinda na mahali pengine imekatika. Mmarekani Theodore Hough alikuwa ameshahisi tangu 1902 kwamba kuna kuchanika ndani ya msuli; kilichokosekana ni darubini ya kumwonyesha.

Lakini mpasuko wenyewe hauumi saa ile. Kalisiamu huvuja mahali isipopaswa kuwa na kuamsha vimeng'enya vinavyobomoa protini zilizoharibika. Chembe nyeupe za damu hufika kusafisha. Kemikali zinazotoka kwenye shughuli hiyo huzifanya ncha za neva zihisi kupita kawaida, si kwenye nyuzi za msuli tu bali pia kwenye utando unaozifunika, kiasi kwamba kuguswa tu panauma. Yote haya huchukua saa nyingi, ndiyo maana maumivu hufika kilele kati ya saa 24 na 72. Ni ukarabati unaouma.

Na msuli ukikarabatiwa haurudi ulivyokuwa. Katika jaribio la 1994, panya waliozoeshwa kukimbia mteremko kwa wiki moja walikutwa na sakomea nyingi zaidi katika mstari kuliko waliozoeshwa kupanda. Sakomea zikiwa nyingi, kila moja hunyooshwa kidogo. Kwa binadamu, mteremko mmoja tu hupunguza sana maumivu ya mteremko unaofuata, na kinga hiyo hudumu kwa wiki kadhaa, pengine miezi. Watazame akina mama wa Kiluguru wanaoshuka alfajiri na matenga ya mboga kichwani kwenda soko kuu la Chifu Kingalu: magoti yamelegea kidogo, hatua fupi, mguu unatua karibu na mwili. Wanashuka hivyo wiki nzima na Jumatatu hawashiki ukuta.

Sasa nambie, katika yote hayo, ni kitu gani kinachohitaji “kutolewa”? Hakuna. Anayekuuzia poda ya kusafisha damu au dripu ya “kutoa sumu za mazoezi” anakuuzia safari ya kwenda chooni. Kunywa maji ya ndimu ili kuondoa asidi ni jambo ambalo hata anayelihubiri hajalifikiria, maana ndimu ni asidi. Na yule anayesema usipoumwa hujafanya mazoezi awaache watu. Maumivu ni dalili ya ugeni wa msuli kwa kazi ile, hayapimi faida uliyopata.

Kujinyoosha je? Mapitio ya Cochrane ya 2011 yalikusanya tafiti 12: kujinyoosha kabla au baada hakupunguzi maumivu haya kwa kiwango cha maana. Kuchuliwa kwa mkono husaidia kidogo. Dawa ya kuchua hupasha ngozi moto na kukusahaulisha, basi.

Ushauri ni mfupi. Anza na kilima kidogo wiki mbili kabla ya kikubwa. Shuka kwa hatua fupi. Ukiumwa, tembea polepole, kula vizuri, lala.

Dawa za maumivu kama diklofenaki na ibuprofeni usizimeze kabla ya kukimbia wala ukiwa umekaukiwa maji baada ya jua kali. Dawa hizo hupunguza damu inayofika kwenye figo wakati figo zinaihitaji zaidi, na muuzaji wa dukani anayekupa bila kukuuliza swali hata moja amekukosea.

Maumivu ya kawaida huwa kwenye miguu yote miwili na hupungua kuanzia siku ya tatu au ya nne. Yakiwa kwenye mguu mmoja tu uliovimba, au ndani ya kiungo, hayo ni mengine, nenda ukapimwe. Na misuli ikivimba na kuishiwa nguvu, mkojo ukawa na rangi ya chai ya rangi, ujue protini ya misuli imemwagika kwenye damu na inaweza kuziharibu figo. Nenda hospitali saa hiyohiyo, hata kama ni usiku wa Jumapili, na waambie ulikimbia wapi, kwa muda gani, na ulimeza dawa gani.