Barua pepe za ofisi zisikunyime usingizi

Na MWANDISHI WETU

JE, wewe hufungua barua pepe za ofisi kabla hata ya kunawa uso? Je, huzitazama tena ndani ya matatu, wakati wa chajio na unapoamka usiku kwenda msalani? Ikiwa jibu lako ni ndiyo, hauko peke yako. Wafanyakazi wengi wa mijini hutoka ofisini jioni, lakini kazi huwafuata hadi kitandani kupitia kwa simu.

Wengi huiita hali hii bidii. Ukweli ni kwamba mara nyingi ni mazoea tu, na ni mazoea yanayoweza kuudhuru mwili.

Chanzo chake kilielezwa zamani na mwanasaikolojia wa Marekani, B.F. Skinner, aliyefanya majaribio na njiwa. Njiwa aliyepewa nafaka kila alipodonoa kitufe aliacha upesi chakula kilipokatizwa. Lakini yule aliyepewa mara moja moja, bila kujua ni lini, aliendelea kudonoa kwa muda mrefu. Barua pepe ni vivyo hivyo. Kumi huwa hazina maana, ya kumi na moja ikawa na habari njema au onyo kutoka kwa mkubwa. Kwa kuwa hujui ni ipi, unafungua zote.

Madhara yake si madogo. Ujumbe mkali unapoingia saa tatu usiku, mwili hutoa homoni za adrenalini na kotisoli kana kwamba kuna hatari mlangoni. Moyo hupiga mbio, shinikizo la damu hupanda na usingizi hupaa. Yakitokea haya kila usiku, mwili hukosa nafasi ya kutulia, hali mtu mzima anahitaji kulala angalau saa saba.

Isitoshe, dakika za kujibu barua nyumbani huongeza saa za kazi. Mwaka wa 2021, Shirika la Afya Duniani (WHO) na Shirika la Kazi Duniani (ILO) yalitoa ripoti kuwa wanaofanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki wamo katika hatari ya kupatwa na kiharusi kwa asilimia 35 zaidi ya wale wa saa 35 hadi 40.

Jambo la kutia moyo ni kwamba nafuu huja haraka. Katika utafiti wa Chuo Kikuu cha British Columbia, Canada, uliochapishwa mwaka wa 2015, watu 124 walitakiwa kutazama barua pepe mara tatu tu kwa siku kwa wiki moja, na wiki nyingine watazame watakavyo. Walikuwa na wasiwasi mdogo zaidi katika wiki ya mara tatu.

Utafanyaje basi? Kwanza, zungumza na mkubwa wako. Wengi hawaogopi barua zenyewe, huogopa kupoteza kazi. Kubalianeni kuwa jambo la dharura lije kwa kupigiwa simu, na mengine yangoje asubuhi. Bila makubaliano hayo hutatulia. Wale ambao kazi yao ni ya dharura, kama wahudumu wa hospitali, wawe na zamu inayojulikana, ili asiye zamuni apumzike kweli.

Pili, zima mlio wa barua pepe katika simu. Tatu, tenga nyakati maalum, kwa mfano saa tatu asubuhi, saa nane mchana na saa kumi alasiri. Jibu zote kwa pamoja, kisha funga. Mshika mawili moja humponyoka, na anayeandika ripoti huku akichungulia barua hukosea yote mawili.

Nne, simu ilale sebuleni. Ikiwa unaitegemea ikuamshe, nunua saa ya kengele. Tano, tafuta cha kufanya badala yake: tembea kidogo mtaani au wasaidie watoto na kazi ya shule. Siku za kwanza mkono utaenda mfukoni wenyewe. Usife moyo, kwani mazoea yaliyojengeka kwa miaka hayaondoki kwa siku moja.

Waajiri nao wana wajibu. Huko Ujerumani, kampuni ya Volkswagen iliamua mnamo 2011 kutowapelekea baadhi ya wafanyakazi wake barua pepe kwenye simu baada ya zamu. Ufaransa ilianza kutekeleza sheria kuhusu haki hiyo Januari 2017. Hapa Kenya, Seneta wa Nandi, Bw Samson Cherargei, alidhamini mswada kama huo mnamo 2022, ingawa Shirikisho la Waajiri liliupinga. Hata hivyo, Sheria ya Ajira ya 2007 tayari inampa mfanyakazi angalau siku moja ya mapumziko katika kila siku saba.

Ikiwa umejaribu haya yote na bado hulali, au unaumwa na kichwa kila mara, muone daktari. Maumivu ya kifua nayo hayangoji: nenda hospitalini mara moja. Barua ya ofisi itakuwapo kesho asubuhi, na ni heri imkute mwenyewe akiwa mzima.