Uzee si Maradhi: Ushahidi wa Mawimbi ya Ubongo

Imezoeleka katika jamii zetu kuambiana kwamba mtu akizeeka hurudi utotoni. Kwa hiyo mzee apoteapo njia ya kurudi nyumbani kwake, au awasahaupo wanawe wa kuwazaa, wengi husema huo ndio uzee, na mambo yakaishia hapo. Wako pia wanaovuka mpaka, wakamwita mchawi na kumtenga. Kauli zote mbili si za kweli, na ubongo wenyewe unatoa ushahidi.

Mwaka 1924, katika mji wa Jena nchini Ujerumani, daktari Hans Berger alifaulu kwa mara ya kwanza kunasa umeme hafifu utokao katika ubongo wa binadamu. Matokeo yake aliyatangaza mwaka 1929. Tangu hapo madaktari hubandika vipande vidogo vya madini juu ya ngozi ya kichwa, na mashine huuchora umeme huo ukaonekana kama mawimbi. Kipimo hicho hakina maumivu, wala hakiingizi umeme mwilini.

Mtu mzima mwenye afya, akipumzika hali amefumba macho, mawimbi ya upande wa kisogoni, yaitwayo alfa, huwa kati ya 8 na 13 kwa kila sekunde. Umri ukisogea, mwendo huo hupungua kidogo. Hata hivyo, mzee mwenye afya kwa kawaida hashuki chini ya mawimbi 8. Mabadiliko hayo ni kama mvi: ni dalili ya miaka, si ya maradhi.

Lakini katika ugonjwa wa Alzheimer, ambao ndio chanzo kikubwa cha demensia, yaani maradhi ya kupoteza kumbukumbu na uwezo wa kufikiri, mambo ni mengine. Alfa hufifia, na mahali pake huzidi mawimbi ya polepole ya 4 hadi 8 kwa sekunde. Ugonjwa ukikomaa, huongezeka hata yale yaliyo chini ya 4, ambayo kwa mtu mzima ni ya usingizini. Sababu ni kwamba seli za ubongo hufa na mawasiliano baina yao hukatika, mfano wa ngoma ambayo wapigaji wake wanaondoka mmoja mmoja.

Yafaa ieleweke kwamba kipimo hiki peke yake hakitoshi kuthibitisha demensia, kwani mawimbi hupungua kasi pia kwa sababu ya maradhi ya ini au baadhi ya dawa. Na hapo ndipo penye tumaini. Zipo hali zinazofanana na demensia, kama vile upungufu wa vitamini B12 au udhaifu wa tezi ya shingoni, ambazo hutibika. Mzee aliyeachwa uani kwa kisingizio cha uzee hunyimwa nafasi hiyo.

Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2021 watu milioni 57 walikuwa na demensia, na zaidi ya asilimia 60 kati yao waliishi katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Jambo hili, basi, ni letu. Mzee asahauye jina la mwanawe hana hatia wala uchawi. Ni mgonjwa, na haki ya mgonjwa ni kupelekwa kwa daktari na kutunzwa kwa heshima.